Maji ya Mwisho

Sitaanza na nilikozaliwa wala na baba yangu alikuwa nani, kwa sababu mambo hayo hayakuninunulia hata kijiko. Nilichonacho nimekitafuta mwenyewe. Mtu akishuka stendi ya Bariadi leo akauliza nyumba ya wageni ya ghorofa mbili yenye vigae vya bluu, ataonyeshwa kabla hajamaliza kuuliza. Ni yangu. Malori mawili yanayobeba pamba msimu ukifika ni yangu. Niliishia darasa la saba, na la saba lenyewe nilimaliza kwa kusukumwa, lakini wenye digrii zao wanasimama kaunta kwangu wananiomba niwapunguzie bei ya ukumbi. Nasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba anayeandika si mtu aliyeshindwa na maisha. Nimefanikiwa. Ila katika kufanikiwa kwangu kuna mwaka mmoja, mwaka wa Lamadi, ambao nimekuwa nikiusimulia kwenye maharusi na kwenye vikao vya wafanyabiashara, watu wakinipigia makofi, na kila nilipousimulia niliruka mahali palepale. Siku zote nilisema hivi: "Nilikuwa mhudumu bora Lamadi nzima, na hakuna aliyenipendelea. Wageni wenyewe ndio walionichagua, kwa mifuko yao." Makofi. Mwezi uliopita nilisimama Dutwa kula chakula cha mchana, na tangu siku hiyo maneno hayo hayapiti tena kooni. Ndiyo maana nimekaa kuandika, mimi ambaye hata risiti naandikiwa na karani.

Hoteli niliyohudumu ilikuwa Lamadi, kando ya barabara kuu ya Musoma. Wakati huo hata huo mkoa wa Simiyu ulikuwa bado haujaitwa hivyo. Ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza saba zilizofunikwa plastiki ya maua, ukuta umepakwa kijani mpaka usawa wa bega na kuanzia hapo kwenda juu ni chokaa. Ukifungua dirisha la nyuma inaingia harufu ya dagaa wanaoanikwa, ukifungua la mbele linaingia vumbi la malori, kwa hiyo kutwa nzima wageni walifungua na sisi tulifunga. Wahudumu tulikuwa wawili tu, mimi na Minza, mwanamke wa Dutwa aliyenizidi miaka kama minne. Yeye alijua kazi. Sisemi hivyo kwa kumwonea huruma, nasema kama mtu ambaye sasa nimeajiri na kufukuza wahudumu wengi na najua ninachokitazama. Minza alibeba sahani nne kwa safari moja bila mchuzi kugusa kidole. Mama akiingia na mtoto, chakula cha mtoto kilitangulia, ili mama akianza kula asisumbuliwe na kilio. Dereva akitafuna upande mmoja, Minza hakuuliza jino limekuwaje. Kesho yake alimletea sato aliyechemshwa, miba imetolewa. Hakuwa mcheshi. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekumbuka kitu. Mimi nilivunja sahani, nilimpelekea maharage aliyeagiza samaki, nikapeleka samaki kwa aliyekwishaondoka. Lakini nilikuwa na mdomo. Mdomo ndio mtaji pekee niliotoka nao nyumbani.

Bosi wetu alikuwa na makopo mawili ya maziwa ya unga juu ya rafu nyuma ya kaunta, yametobolewa kifuniko, moja limeandikwa MADUHU, jina langu, na jingine MINZA kwa rangi nyekundu. Bakshishi yote iliingia humo, mbele ya macho yake. Jumamosi baada ya chakula cha mchana alichukua moja baada ya jingine, akalitikisa karibu na sikio kama mtu anayesikiliza yai, kisha akatukabidhi tumwage wenyewe fedha zilizomo. Hakuhesabu kamwe. Kutikisa kulimtosha. "Mgeni akishashiba hana sababu ya kudanganya," alikuwa anasema. "Mimi siwezi kuwa kila meza. Makopo ndiyo macho yangu." Niliona ni akili kubwa sana. Nilipofungua nyumba yangu ya wageni nilinunua mitungi ya kioo, nikabandika majina ya wahudumu, na nimeitikisa miaka yote hiyo. Kuna binti nilimwondoa mwaka juzi kwa sababu mtungi wake ulikuwa kimya. Sijui hata alikokwenda.

Sasa, bomba la kunawia halikuwepo. Mgeni alinawishwa mezani: mhudumu anakuja na beseni mkono mmoja na jagi mkono mwingine, sabuni kwenye kisahani, anamimina. Maji ya kwanza ni kabla ya kula, maji ya mwisho ni baada. Miezi mitatu ya mwanzo makopo yetu yalikuwa karibu sawa, langu likizidiwa. Kisha siku moja Minza alikuwa ameitwa jikoni, wageni wake wamemaliza, wamenyoosha vidole vyenye mafuta hewani wakisubiri. Nikachukua jagi nikawanawisha. Yule mkubwa wao akakung'uta mikono, akaipangusa kwenye suruali, na mkono uleule, kabla haujakauka, ukaingia mfukoni na kutoka na noti, ukanipa mimi. Mimi sikuwa nimemletea hata chumvi. Nilibaki nimesimama na beseni la maji machafu, na kitu kikafunguka kichwani. Mtu anapokula hafikirii kutoa, mikono ina kazi. Anapomaliza, tumbo limejaa, maji ya vuguvugu yanapita vidoleni, na aliye mbele yake wakati huo ndiye anayeshukuriwa kwa yote. Wengine wote waliohangaika wameshasahaulika pamoja na miba.

Kuanzia hapo nikawa mtu mwema. "Dada Minza," nilimwambia, "wewe hangaika na jiko, wageni wako nitakunawishia mimi."

"Wabeja, mdogo wangu," akanijibu kwa Kisukuma chetu, ahsante. "Mgongo umeniuma toka asubuhi."

Saa tisa, wageni wakipungua, tulikuwa tunakula nyuma ya jiko, tumekaa kwenye makreti ya soda, sufuria moja katikati, ukoko wa wali na vichwa vya samaki. Siku hiyo Minza alichukua kichwa cha sato kilichokuwa upande wake, chenye nyama ya shavuni, akakisogeza upande wangu. Nikakila chote. Nimekula vyakula vya gharama kwenye mahoteli ya Mwanza na Arusha, lakini ladha ya lile shavu naikumbuka mpaka kesho, na si kwa uzuri.

Kopo langu likaanza kulia vizuri, lake likanyamaza. Bosi akilitikisa alikuwa anainua nyusi, halafu analirudisha rafuni bila kumtazama. Wiki ya tatu au ya nne tukiwa tunamenya viazi, Minza akaniuliza, "Hivi Maduhu, mimi wageni nawakosea nini?"

Ningeweza kusema. Kisu kilikuwa mkononi, kiazi mkononi, mpishi yuko mbali, hakuna wa kusikia. Nikamwambia, "Labda hucheki, dada. Watu wanapenda kuchekewa."

"Nicheke nini?"

"Chochote. We cheka tu."

Chumba cha wafanyakazi kilikuwa banda la mabati lililogawanywa katikati kwa ubao, upande wake na upande wangu, na ubao ulikuwa na nafasi za kupitisha kidole. Asubuhi iliyofuata, nikivaa shati, nilimwona kupitia nafasi hiyo akiwa ameshika kipande cha kioo, anajifunza kucheka. Anavuta midomo, anaiangalia, anaiachia, anaivuta tena. Akaenda na kicheko hicho mezani, na dereva mmoja akamuuliza kama anaumwa.

Ningekuwa sijui alichokuwa anakipigania, labda ningejisamehe. Lakini nilijua. Jumapili moja kaka zake wawili walikuja kwa baiskeli kutoka Dutwa, wakakaa naye upande wake wa ubao, na mimi nilikuwa nimelala upande wangu na masikio yangu. Walizungumza taratibu, kama watu wanaopanga kupanda mpunga.

"Ng'ombe wa mahari walishagawanywa," mkubwa alisema. "Wengine tumeshaolea. Mumeo anasema urudi au warudi."

"Alinivunja mkono, kaka."

"Umepona."

"Nina kazi. Nina chumba. Sijaja kwenu kuomba hata unga."

Kisha yule mdogo akasema, "Sawa, ukiwa na kazi hatuwezi kukuburuza, watu watatusema. Lakini siku kazi ikiisha, unarudi kwake. Tumeshaelewana naye."

"Haitaisha," Minza akasema.

Nilimsikia vizuri. Alisema haitaisha.

Kisha zikaja mvua zilizokata barabara upande wa Bunda. Malori yakalala njiani, mabasi yakapungua, na bosi akatuita kaunta akasema wahudumu wawili kwa meza zilizolala ni wengi, na kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi makopo yatasema nani abaki. Minza aliitikia, "Sawa, bosi," akarudi kufuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. Wiki hiyo alihudumia kama mtu anayekimbizwa. Na mimi wiki hiyo sikuliacha jagi hata dakika moja.

Kulikuwa na mzee mmoja mnunuzi wa pamba, mwenye pikapu nyeupe, aliyepita kila Ijumaa. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, ingawa hakuwahi kumwambia mtu pale. Minza alikuwa amemwona tu jinsi anavyomeza kidonge kwa kujificha na jinsi vidole vinavyomtetemeka chakula kikichelewa. Basi akijua ni Ijumaa, alisimamia ugali wa mtama upikwe mapema pamoja na mlenda na samaki asiye na mafuta, na pikapu ikikata kona pale kwenye kituo cha mafuta, sahani ilikuwa tayari inatoka jikoni. Mzee alikaa, alikuta chakula, alikula. Hakuwahi kuagiza. Ijumaa ile ya mwisho nilimnawisha mimi, Minza akiwa ametumwa mwaloni, ufukweni kwa wavuvi, kuchukua samaki. Mzee akakung'uta mikono, akatoa noti mbili. "Hii ya kwako, ya maji," akasema. "Hii ya yule binti. Na umwambie hivi. Mwambie nimekula mahotelini miaka mingi, Shinyanga mpaka Musoma, na hajatokea mwingine aliyenilisha bila mimi kusema njaa yangu ikoje. Mwambie hivyohivyo. Na bosi wako pia mwambie."

"Nitawaambia, mzee," nikasema.

Noti zote mbili niliziingiza kwenye kopo langu. Jumamosi bosi akatikisa. La Minza halikusema kitu, sarafu chache zilijikokota chini. Langu lilikuwa limejaa karatasi, likatoa sauti ile nzito ya kitu kilichoshindiliwa. Bosi akaniuliza, "Yule mzee wa pikapu jana, alipokuwa anaondoka, aliniinulia dole gumba kutoka garini. Nani alimhudumia?"

Minza alikuwa jikoni, ananyanyua sufuria la maji ya moto.

"Mimi, bosi," nikasema.

Ndivyo ilivyokwisha. Kaka zake walikuja Jumatatu na baiskeli mbili, moja ya kumbeba yeye na nyingine ya kubeba godoro. Kabla ya kupanda aliniita, "Maduhu, wewe una bahati ya watu. Usiiharibu." Nikamsaidia kufunga kamba ya godoro. Niliifunga vizuri, nilivuta mpaka ikakaza.

Mzee wa pikapu alirudi Ijumaa iliyofuata. Akakaa, akasubiri, akageuza kichwa kuelekea jikoni mara mbili. Nilimletea wali. Aliula nusu, nikamnawisha, akanipa bakshishi vilevile, kwa mazoea ya mkono, na hakurudi tena. Wengine nao wakaacha mmoja mmoja, na kitu cha ajabu ni kwamba kopo langu halikupungua uzito. Waliobaki walitoa. Waliokuja kwa mara ya kwanza na ya mwisho walitoa. Hoteli inazama, na kopo linaimba. Bosi alifunga kabla mwaka haujaisha, akiwa bado anasema nina nyota. Mimi nilitoka na mtaji wa baiskeli na magunia ya dagaa, nikaingia barabarani, na mengine yote niliyoyapata yalitoka hapo. Hili ndilo nililokuwa naruka.

Mwezi uliopita tulikuwa tunatoka Lamadi na dereva wangu, Shija, kurudi Bariadi. Tulipofika Dutwa akasema, "Bosi, tule hapa. Kwa mama huyu wanasimama hata wale ambao wamepikiwa nyumbani." Mgahawa wa matofali, mabati mapya, meza zimejaa madereva na wenye baiskeli. Niliagiza kuku wa kukaanga na soda. Mwanamke wa makamo aliyekuwa mlangoni mwa jiko akaniangalia kwa muda, akaingia ndani, akatoka na sinia yeye mwenyewe.

"Mwadila, Maduhu," akasema, akiniamkia kana kwamba tuliachana jana. "Umenenepa."

Alikuwa Minza. Kwenye sinia hapakuwa na kuku wala soda. Kulikuwa na ugali wa mtama, mlenda, na sato wa kuchemsha. "Bosi hakuagiza hiki, mama," Shija akasema. Minza akamwambia, "Toka akae ameshamaliza jagi la maji, na viatu amevifungua kamba, miguu inamuwaka. Mpe chakula chake." Akarudi jikoni. Mimi ugonjwa huo wa sukari nimeuficha hata kwa mke wangu wa pili. Nilikula huku nimeinamisha kichwa, na chakula kilikuwa kitamu kiasi kwamba nilikasirika.

Tulipomaliza akaja binti mwenye beseni na jagi, akanimiminia. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Nikakung'uta mikono, nikaipangusa, nikatoa noti kubwa nikampa yule binti, naye akapiga goti kidogo akashukuru. "Bosi unajua kutoa," Shija akasema. Kupitia mlangoni nilimwona Minza, mgongo ameinama, anakwangua sufuria. Nikautazama mkono wangu. Mimi, mtu mmoja tu duniani niliyejua siri yote ya maji yale, mkono wangu mwenyewe ulikuwa umefanya kama mikono ya wengine.

Nikaenda jikoni. Nilisimama kando ya mafiga kama mtu anayeomba kazi. Niliuliza habari za miaka yote, naye akajibu kwa ufupi huku anakwangua. Alikaa kwa yule mwanaume miaka sita. Alimvunja mkono tena. Kisha mwanaume akafa, naye akaanza kuuza uji, kisha wali, kisha hapa.

"Wageni wanakupenda," nikasema.

"Wanapenda chakula," akasema. "Mimi miaka miwili ya kwanza sikutoka jikoni kabisa. Niliogopa kupeleka sahani. Lamadi ilishanifundisha kwamba nina uso ambao watu hawautaki. Siku hizi napeleka. Lakini kunawisha, mpaka leo sinawishi mtu. Pale mwishoni ndipo wanapokuonyesha kama umewafaa."

Shija alikuwa amenifuata, amesimama mlangoni anachokonoa meno. Yule binti naye alikuwepo na beseni lake. Nilitamani waondoke. Nilitamani sana. Hakuna aliyeondoka, na nilijua nikisubiri waondoke nami nitapanda gari bila kusema.

"Dada Minza," nikasema, "bakshishi za Lamadi zilikuwa zako. Mimi nilikuwa nashika jagi tu. Nilijua kwamba anayemwaga maji ya mwisho ndiye anayepewa, ndiyo maana nilikutuma jikoni. Na yule mzee wa pikapu, siku ile uliyokwenda mwaloni, aliacha noti yako na maneno yako. Noti niliichukua. Bosi aliponiuliza, nilisema niliyemhudumia ni mimi."

Shija aliacha kuchokonoa meno. Minza aliweka mwiko chini, taratibu, juu ya mfuniko. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari, nilikuja na mabega ya kupokea matusi. Hakuuliza habari ya noti. Hakuuliza habari ya bosi.

"Maneno gani?" akasema.

"Alisema nikwambie..." Nikaanza upya. "Alisema amekula mahotelini miaka mingi, Shinyanga mpaka Musoma, na hajatokea mwingine aliyemlisha bila yeye kusema njaa yake ikoje."

Alibaki anatazama mahali fulani kwenye ukuta, juu ya bega langu.

"Sema tena."

Nikasema tena. Nilisema neno kwa neno, maana kwa miaka yote hiyo sikuwa nimepoteza hata moja. Maneno yake nilikuwa nimeyatunza vizuri kuliko kitu chochote cha mtu.

"Alisema hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Na akasema nimwambie bosi pia."

Hakusema amenisamehe, na sikuwa na uso wa kumwomba. Nilisogeza mkono kuelekea mfukoni, ndiyo tabia iliyobaki kwangu kila nikikosa la kusema, na yeye akauona mkono ule akatikisa kichwa mara moja tu, nikaushusha. Mitungi ya kioo pale Bariadi niliitoa wiki hiyohiyo, na wahudumu wangu wananung'unika kwamba mzee amechanganyikiwa, nawaacha wanung'unike. Lakini hayo yalikuja baadaye. Pale jikoni, Minza alipangusa viganja kwenye kitenge, akamwendea yule binti, akamwambia, "Lete," akachukua beseni na jagi kutoka mikononi mwake. Akachungulia kama sabuni ipo. Kisha akatoka nje kwenye meza ya katikati, ambako madereva watatu walikuwa wamemaliza kula, wamenyoosha vidole hewani wanasubiri. Nikamwona anainama. Nikasikia maji yakimwagika kwenye beseni. Dereva wa kwanza akakung'uta mikono, akaipangusa kwenye suruali, akainua macho akamtazama usoni, na mkono wake ukaanza kwenda mfukoni.